Meza inayoficha kazi: historia ndefu ya ubao unaofunguka na kufungwa

Kuna meza za kazi ambazo mtu akizikuta zimefungwa atafikiri ni meza ya kulia tu. Juu ni ubao laini, hakuna waya, hakuna kioo. Lakini mwenyewe akiinua kipande cha ubao, au akibonyeza kitufe, skrini ya kompyuta inapanda kutoka ndani. Akimaliza kazi, skrini inazama, ubao unafunikwa, na watoto wanaweza kuletewa sahani palepale. Meza za namna hiyo zinauzwa Ulaya na Marekani kwa watu wenye vyumba vidogo, na kwa mashule yanayotaka chumba kimoja kitumike kwa kompyuta asubuhi na kwa masomo mengine mchana.

Wengi wanaona huo ni uvumbuzi wa juzi. Sivyo. Kilicho kipya ni skrini. Meza inayomeza kazi ya mtu na kuificha ina zaidi ya miaka 250, na historia yake inagusa mambo ambayo wakaaji wa Kivu wanayajua vizuri: nyumba ya chumba kimoja, karatasi ambazo hazitakiwi kuonwa na kila mpita njia, na vita vinavyomkuta fundi akiwa kazini.

Biro na sekretere

Maneno yenyewe yanatoa ushahidi. Hapa Congo kila mtu anasema biro. Raia anakwenda kwenye biro ya kata, anangoja karani mbele ya biro. Neno hilo tulilipata kwa Wafaransa na Wabelgiji, na mwanzoni halikuwa jina la chumba wala la kazi. Lilitoka kwa kitambaa kizito cha manyoya ya kondoo ambacho Wafaransa wa zamani walikiita bure, neno lisilohusiana hata kidogo na bure ya Kiswahili. Kitambaa hicho kilitandikwa juu ya meza ya kuandikia. Jina la kitambaa likahamia kwenye meza, kutoka mezani likahamia kwenye chumba, na kutoka chumbani likafika kwenye serikali nzima.

Sekretere naye ana hadithi yake. Kwa asili ni mtu aliyeaminiwa kutunza siri. Baadaye Wafaransa wakalipa jina hilo kabati la aina fulani lenye ubao wa mbele unaoshuka. Ukiushusha, unakuwa meza ya kuandikia. Ukiupandisha na kuufunga kwa ufunguo, barua na wino vinabaki ndani, na mgeni haoni kitu isipokuwa kabati lililosimama ukutani. Yaani kabati lilifanya kazi ya mtu: lilitunza siri bila kudai mshahara.

Meza ya mfalme

Iliyo maarufu kuliko zote ilitengenezwa kwa Louis wa 15, mfalme wa Ufaransa. Fundi Jean-François Oeben aliianza mwaka 1760. Alikufa mwaka 1763 kabla ya kuimaliza, na fundi mwingine, Jean-Henri Riesener, akaikamilisha mwaka 1769. Ina kifuniko cha mviringo kinachoteremka mbele na kufunika kila kitu kilichoachwa juu ya meza. Mfalme aliweza kuinuka katikati ya barua, akafunga bila kupanga karatasi hata moja, na akirudi akazikuta vilevile. Ufunguo mmoja ulitosha kwa kifuniko na kwa madroo. Hata wino ulikuwa na mahali pake pembeni, ili mtumishi aweze kuujaza bila kufungua penye barua.

Kwa nini mfalme ajifiche ndani ya jumba lake mwenyewe? Kwa sababu jumba la Versailles lilijaa watu. Watumishi, wakubwa, mawaziri na wageni walipita humo kila siku. Tena Louis wa 15 alikuwa na mtandao wake wa siri wa barua na wapelelezi, ambao uliendesha mambo ya nchi za nje bila mawaziri wake wengi kujua. Mtu mwenye mambo ya namna hiyo anahitaji meza inayofunga mdomo. Meza hiyo ipo hadi leo Versailles.

Hapo ndipo sababu ya kwanza ya meza hizi inaonekana. Mfalme hakukosa nafasi, maana alikuwa na vyumba asivyoweza kuvihesabu kwa vidole. Alichokosa ni mahali ambapo macho ya watu hayafiki.

Fundi aliyeshindwa na vita

Katika miaka hiyohiyo, kwenye mji mdogo wa Neuwied, kando ya mto Rhine huko Ujerumani, kulikuwa na karakana ya baba na mtoto: Abraham na David Roentgen. Kazi yao ilijulikana Ulaya yote. Walitengeneza meza na makabati ambayo ukizungusha ufunguo, ubao unajisogeza, droo inatoka pembeni, na nyuma ya droo hiyo kuna nyingine ambayo mgeni hawezi kuidhania. Kabati lao moja kubwa, lenye urefu wa zaidi ya mita 3, pamoja na saa na muziki ndani yake, lilinunuliwa na Frederick William wa Pili wa Prussia, na sasa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Catherine wa Pili, malkia wa Urusi, alikuwa mteja wao mkubwa.

Kisha ikaja Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789. Wafalme na matajiri walionunua vitu vile wakaanza kukimbia au kuuawa. Mali ya David Roentgen iliyokuwa katika duka lake la Paris ikanyang'anywa. Baadaye majeshi yakafika upande wa Neuwied, na karakana ikafungwa. David Roentgen alikufa mwaka 1807, na utajiri wake wa zamani haukurudi tena.

Wanaosikiliza habari hii wakiwa wamehama vijiji vyao hawahitaji kuelezwa maana yake. Mtu aliyejua kuficha kuliko mafundi wote wa wakati wake hakuwa na droo ya kufichia karakana yake mwenyewe. Ufunguo unazuia jicho la jirani na mkono wa mwizi mdogo. Hauzuii jeshi. Meza nzito inalinda siri siku za amani. Siku ya kukimbia, inabaki nyuma na siri zake.

Sanduku lililobebeka

Ng'ambo ya bahari, fundi mwingine alikuwa ametengeneza kitu kilicho kinyume kabisa cha makabati hayo. Huko Philadelphia, Marekani, seremala Benjamin Randolph alitengeneza sanduku dogo la mbao kufuatana na mchoro wa mteja wake, Thomas Jefferson. Likifungwa, upana na urefu wake haupiti sana ule wa daftari kubwa, na unene wake ni wa sentimeta 8 hivi. Ubao wa juu unakunjuliwa na kuinama, mtu anauweka magotini na kuandika. Pembeni kuna droo ndogo ya karatasi, kalamu na wino.

Juu ya sanduku hilo Jefferson aliandika, mwaka 1776, Tangazo la Uhuru wa Marekani, maandishi yaliyosema watu wote wameumbwa sawa, ingawa mwandishi wake alimiliki watumwa. Aliendelea kulitumia kwa karibu miaka 50. Mwaka 1825 alilitoa zawadi kwa mume wa mjukuu wake, na mwaka 1880 familia ikalikabidhi kwa serikali. Leo liko katika jumba la makumbusho la taifa mjini Washington.

Tofauti na kabati la Berlin ni wazi. Hakuna muziki, hakuna saa, hakuna dhahabu. Lakini mtu aliweza kulichukua kwapani na kupanda nalo gari la farasi. Biro yake ilimfuata alikokwenda.

Meza iliyouawa na karatasi

Karne iliyofuata, biashara ilikua na karatasi zikaongezeka. Mwaka 1874 William Wooton, wa mji wa Indianapolis nchini Marekani, alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake: meza iliyosimama kama kabati lenye mabawa mawili. Ukifungua mabawa, unakuta vijumba zaidi ya 100 vya kuwekea barua, na katikati ubao wa kuandikia unashuka. Ukimaliza, unakunja ubao, unafunga mabawa, unageuza ufunguo. Kuna hata tundu la kupitishia barua meza ikiwa imefungwa. Rais Ulysses Grant alikuwa na moja, na tajiri wa njia za reli Jay Gould alikuwa na yake.

Ilikuwa kama duka zima la karani ndani ya kabati. Lakini mwaka huohuo wa 1874, kampuni ya Remington ilianza kuuza mashini ya kuandika. Mashini hiyo, pamoja na karatasi nyeusi ya kunakilia, ikazaa nakala nyingi ambazo vijumba 100 havikuweza kuzibeba. Maofisi yakahitaji makabati ya mafaili, na makarani wengi ndani ya chumba kimoja wakitazamwa na mkubwa wao. Karne ilipomalizika, wakati wa meza ya Wooton ulikuwa umepita.

Hata hivyo wazo lenyewe halikufa. Maseremala walitengeneza meza ambazo mashini ya kuandika inainama na kuingia chini ya ubao karani anapomaliza, ili mahali pale pabaki meza ya kawaida. Hiyo ndiyo nyanya halisi ya meza ya leo yenye kompyuta ndani.

Cherehani inayoinama

Lakini si lazima kwenda kwenye makumbusho ili kuiona kazi hiyo. Iko kwenye baraza za Goma, Bukavu, Uvira na Bunia. Ni cherehani ya kukanyaga kwa miguu.

Kampuni ya Singer ilianza Marekani mwaka 1851. Mwishoni mwa karne ya 19, cherehani za nyumbani zilikuwa zikiuzwa zikiwa zimefungwa kwenye meza yenye siri ndogo. Kichwa cha mashini kimeshikwa na bawaba mbili. Fundi akimaliza kushona, anakiinamisha kichwa chini, kinaning'inia ndani ya meza kati ya miguu ya chuma, kisha anarudisha ubao uliokunjwa na kufunika tundu. Mashini imepotea, meza imebaki. Watu wa wakati ule waliipenda kwa sababu familia nyingi zilikuwa na chumba kimoja cha kufanyia kila kitu: kupika, kula, kushona na kupokea wageni. Vumbi halikuingia kwenye mashini, na mtoto hakuchezea sindano.

Hii ndiyo sababu ya pili ya meza hizi, na ni tofauti na ile ya mfalme. Mama mshonaji hafichi siri yoyote. Anaficha kazi ili nyumba iwe nyumba tena jioni inapofika.

Kuna jambo lingine ambalo washonaji waliokimbia vita wanalijua. Kichwa cha cherehani kinaweza kufunguliwa kutoka kwenye bawaba zake na kubebwa. Ni chuma kizito, lakini mtu mzima anakimudu. Meza inaweza kuachwa, maana seremala yeyote atatengeneza nyingine. Kichwa ndicho chakula cha watoto.

Kompyuta inaingia ndani ya ubao

Kompyuta ya kwanza iliyojulikana sana, ENIAC, ilionyeshwa kwa watu mwaka 1946, tena katika mji uleule wa Philadelphia. Ilikuwa na uzito wa tani 27 hivi na ilijaza chumba kizima. Hakuna aliyewaza kuificha ndani ya meza.

Miaka ya 1980 kompyuta zilipofika kwenye maofisi na mashule, taabu ilikuwa skrini. Zilikuwa za kioo kinene, zenye mgongo mrefu kama wa televisheni za zamani. Ukiweka moja mezani, hakuna mahali pa daftari. Ukiweka 30 darasani, mwalimu haoni nyuso za wanafunzi. Mafundi wa Marekani wakaja na jibu: skrini ikashushwa chini ya meza, ikalazwa kwa kuinama, na juu yake likawekwa dirisha la kioo. Mwanafunzi alitazama chini kama anayesoma kitabu. Mwalimu akaona darasa lake lote, na juu ya kioo daftari liliweza kuwekwa.

Miaka ya 2000, skrini nyembamba zilipochukua nafasi ya zile nene, kazi ikawa rahisi. Skrini ya unene wa vidole viwili inaweza kulala chini ya kifuniko chenye bawaba, au kupandishwa na mota ndogo kupitia tundu jembamba. Hapa seremala anapaswa kuangalia mambo matatu. Kompyuta inatoa joto, kwa hiyo meza inahitaji matundu ya hewa nyuma na chini. Waya zisibanwe na bawaba, maana waya iliyobanwa kila siku inachubuka na inaweza kuleta moto. Na kifuniko kiwe na kizuizi cha kukishikilia kikiwa juu, kisimwangukie mtoto vidoleni.

Njia ya Jefferson nayo iliendelea pembeni. Mwaka 1981 ikatoka Osborne 1, kompyuta ya kubebwa kama sanduku la safari. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na skrini ya inchi 5, na kifuniko chake ndicho kilichokuwa na vitufe vya kuandikia. Mwaka 1982 ikafuata GRiD Compass, ambayo skrini yake ilikunjwa juu ya vitufe. Tangu hapo kompyuta nyingi za kubeba zinafunguka na kufungwa namna hiyo. Zikaendelea kupungua hadi simu, ambayo haina hata bawaba.

Kilichobaki ni ubao

Ukiitazama historia hii yote, utaona kwamba watu walikuwa wakitafuta namna ya kuingiza kazi ndani ya meza. Leo kazi imepungua hadi ikaingia mfukoni. Mtu aliyehama Rutshuru au Masisi anaweza kuwa na simu yenye barua, picha za vyeti na namba za ndugu zake wote, vitu ambavyo Wooton angevitafutia vijumba 100. Lakini katika kupungua huko, kitu kimoja kimeachwa njiani: ubao wenyewe. Mtoto wa darasa la sita hawezi kuandika hesabu juu ya simu. Anaandika magotini, au analala kifudifudi juu ya mkeka, na mwandiko unapotea. Mtihani unamngoja sawa na yule mwenye meza.

Kwa hiyo familia yenye chumba kimoja inaweza kuchukua somo kwa mshonaji na kwa Jefferson bila kununua meza yoyote ya Ulaya. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao. Ubao wa sentimeta 60 kwa 40, bawaba mbili na mnyororo au kamba ngumu kila upande vinatosha kutengeneza meza ya ukutani. Bawaba zifungwe kwenye nguzo, siyo kwenye mbao nyembamba za ukuta, kwa sababu mtoto ataegemea kwa viwiko. Usiku ubao unashushwa, na magodoro yanatandikwa mahali palepale.

Anayeishi chini ya shitingi hana ukuta wa kubeba bawaba. Huyo anahitaji sanduku la magotini: kisanduku kifupi cha mbao, kifuniko chake ndicho meza, na ndani yake madaftari, kalamu na vyeti ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Kufuli ndogo, au kadena, itazuia mikono ya watoto wa jirani, na hapo ndipo mwisho wa nguvu zake. Sanduku lisizidi uzito ambao mtoto mwenyewe anaweza kuubeba.

Meza ya mfalme ilidumu kwa kuwa ilikaa ndani ya jumba. Sanduku la Jefferson lilidumu kwa kuwa liliweza kunyanyuliwa, likapita mikono ya wajukuu. Kwa seremala wa Kivu anayeombwa leo kutengeneza mahali pa mtoto kuandikia, swali la kwanza si mbao gani wala rangi gani. Amuulize mzazi: je, siku ikilazimu, nani atalibeba?